Redio Iliyozima Kila Nilipotaka Kujibu

Redio yangu haikufa. Ingekufa ningejua la kufanya: ningeifunika kitambaa, niiweke juu ya kabati, nizoee. Ilifanya jambo gumu zaidi. Iliniacha nisikie kila kitu vizuri, ila kila nilipofungua mdomo kujibu, ilizima.

Siyo redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Ni redio koli, inapokea na kurusha. Sisi tunaozitumia kwa mapenzi tu tunaitwa watu wa redio ya ridhaa. Tuna leseni, tuna alama zetu za kuitana, na hakuna anayetulipa. Kazi hiyo niliijulia mgodini Geita. Miaka yangu yote ya ajira nilikaa chumba cha mawasiliano, nikiwaambia madereva wa malori ya mawe nani apande na nani asubiri. Nyumbani nilirudi kwa likizo. Watoto wangu walikua wakinijua kama mgeni anayekuja na mabegi. Nilipostaafu nikajenga hapa Masumbwe, nikanunua redio iliyokwisha kutumika na wengine, nikavuta waya wa antena kutoka kwenye paa hadi kwenye mwarobaini wa uani.

Kila jioni, jua likiwa bado halijazama, nilikuwa naongea na mzee mmoja wa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hatukuwahi kuonana. Yeye alikuwa mtu wa redio bandarini enzi za ujana wake. Siku ya kwanza tuliyopatana hewani alisema, "Ukitazama kwenye ramani, mimi na wewe tunatenganishwa na maji tu. Basi ni majirani." Tangu siku hiyo sikumwita kitu kingine. Alama zetu za leseni tulizitaja mwanzo na mwisho kama sheria inavyotaka, na katikati ilikuwa Jirani kwa Jirani.

"Jirani, iko muzuri?" angeuliza kwa Kiswahili chao.

"Nzuri tu, Jirani. Huko?"

"Huku iko muzuri, ila magoti."

"Magoti yako au ya mwenzio?"

"Ya kwangu, Jirani. Mwenzangu alikufa na magoti yake mazima."

Mazungumzo yetu yalikuwa ya namna hiyo. Mvua, samaki, bei ya mahindi, magoti. Anayetusikiliza pembeni angetucheka. Mimi sikuwa na mengine. Mke wangu alikuwa amekwenda Mhunze kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Mtoto akakaa, akatambaa, akatembea, akapelekwa shule ya awali, na mke wangu hajarudi. Hakuniambia kwamba ameniacha. Mimi nami sikumfuata kumuuliza. Siku zingine nilifika jioni nikagundua kwamba sijasema neno tangu asubuhi, na la kwanza nitakalosema ni Jirani.

Namba za simu hatukupeana. Wazo hilo lilikuwa langu, nami nikalisisitiza. Nilimwambia tukipeana namba tutaanza kupigiana, na redio itabaki pambo la mezani. Yeye alicheka, akasema sawa.

Jioni moja ya Jumapili, mwaka huu, akaniambia kwamba mtoto wake anamchukua kwenda kuishi naye Lubumbashi. Nyumba ni ya ghorofa, chumba kimoja, hakuna pa kufunga antena. "Jumamosi asubuhi vijana wanakuja kuishusha hii yangu. Redio nitaacha kwa mission, kwa mapadri. Nilikuwa ninaogopa kukuambia, Jirani."

Nikabonyeza kitufe cha maiki. Nikasema, "Ji," na taa ya redio ikazima. Kimya. Nikaiwasha tena. Ilipopata uhai nikamkuta katikati ya maneno yake: "...nimesikia 'ji' moja tu. Endelea." Nikabonyeza. "Ji." Giza.

Niseme kwamba hali hiyo haikunishtukiza. Ilikuwa imeanza siku kadhaa nyuma, mara moja moja, nami nikayalaumu mawingu. Nyumba yangu inatumia sola, na mawingu ni rahisi kuyalaumu kwa sababu hayajibu.

Nilijaribu mpaka jua likazama. Jioni ikiingia masafa yale hubadilika, sauti ikaruka juu ya vichwa vyetu sote wawili na kwenda kutua mbali kwa watu wasiotujua. Neno lake la mwisho lililonifikia lilikuwa hili: "Jirani, umekasirika?"

Jumatatu niliamka na mita yangu ya kupimia umeme, nikaanza kazi. Nilipima betri: volti kumi na mbili na zaidi kidogo, nzuri. Nilipima mwisho wa waya, pale unapoingia kwenye redio: nzuri vilevile. Nilitoa fyuzi, nikaitazama dhidi ya mwanga, nikaipima. Nzima. Nikasafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi. Jioni Jirani akaita, nikasema "Ji," ikazima.

Jumanne nikapunguza nguvu ya kurushia hadi chini kabisa. Redio haikuzima. Nikamwita kwa utulivu, nikamweleza tatizo lote, nikamwomba anijibu. Akajibu, lakini hakujua kwamba ni mimi. "Kuna mtu anaita," alisema, "mdogo sana, kama mbu ndani ya chupa. Huku leo jenereta za watu zinanguruma. Mtu huyo anisamehe, sikumshika. Nangoja Jirani yangu wa Tanzania."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe linanikera kwa sababu nilikuwa na elimu ya kutosha kulikwepa. Redio inayovumilia nguvu ndogo na kuzima kwenye nguvu kubwa inakuambia kwamba ikihitaji umeme mwingi haupati. Ni kama mtu anayemudu kusimama lakini hawezi kubeba gunia. Kabla hujampeleka hospitali, muulize amekula nini. Mimi nikampeleka hospitali. Nilidhani kipaza nguvu ndani ya redio kimechoka. Nikaifunga kwenye shuka, nikaibeba hadi sokoni kwa fundi wa maredio na simu.

"Shikamoo, mzee wa majini," fundi alisema. Ndivyo wanavyonitania sokoni, kwa kuwa wamesikia naongea na watu wasioonekana.

"Marahaba. Nimekuletea jini lenyewe, limekuwa bubu."

Alikuwa na foleni. Nikaiacha redio kwake nikarudi nyumbani mikono mitupu, na jioni hiyo ya Jumatano sikusikia hata sauti ya Jirani. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikaa kitandani natazama pale mezani ilipokuwa, vumbi limeacha umbo lake la mraba.

Alhamisi asubuhi fundi akaiunganisha kwenye betri kubwa ya gari iliyokuwa kando ya meza yake, kwa waya mfupi mnene kama kidole. Mahali pa antena tukachomeka balbu, maana redio haipendi kurusha bila mzigo. Akanipa maiki. Nikasema, "Jirani," neno zima. Balbu ikawaka na kupepesa kwa kufuata sauti yangu. Redio haikuzima.

"Sema tena."

"Jirani, Jirani, Jirani."

"Mzee, hii nzima," alisema. "Labda mgonjwa ni wewe."

Waliokuwa wamekaa pale wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua kwamba mgonjwa ni betri. Sikujiuliza juu ya ule waya mfupi mnene. Nikanunua betri mpya, kijana wa bodaboda akaniletea hadi mlangoni, nikaifunga. Saa kumi na moja Jirani akaita. Sauti yake ilikuwa imepungua kitu, nadhani utani.

"Jirani wa Masumbwe. Kesho ni jioni yetu ya mwisho. Kama niko na kosa, nisamehe. Kama uko mgonjwa, Mungu akusaidie. Kama wewe ndiye yule mtu wa 'ji', basi sema tu 'ji' moja, nijue."

Nikabonyeza. Nikasema "Ji." Ikazima. Niliwasha upesi, nikakuta anacheka na kukohoa kwa pamoja. "Nimesikia. Uko hai. Huyu mtu amekuwa kigugumizi uzeeni."

Aliendelea kuongea peke yake mpaka jua likazama, akinihadithia jinsi binti wa jirani yake anavyofunga masanduku. Sikujibu tena. Nilihofia kila redio ikizima napoteza sentensi zake.

Ijumaa asubuhi mlango ukagongwa. Alikuwa mama anayekaanga maandazi upande wa pili wa ukuta wangu. Tulikuwa tukisalimiana njiani tu.

"Mwadila, baba," alisema, kisha akakumbuka kwamba bado ni asubuhi na salamu hiyo ya kikwetu ni ya mchana, akajicheka. "Shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Nimekuja kuuliza. Unaniita?"

"Hapana. Sijakuita."

"Mbona tangu Jumapili nasikia 'Ji! Ji!' Jana nikaacha mafuta jikoni nikatoka mpaka nje, nikaona mlango umefungwa. Nikasema huyu baba ana haya. Kama unataka chumvi sema, jirani ni mimi, hakuna mwingine."

Sikuweza kujizuia, nikacheka mpaka nikashika mlango. Kisha nikamweleza. Aliingia akaiona redio, akauliza maswali yote ambayo watu huuliza: kama ninalipia, kama serikali inajua, kama huyo wa Kongo ni mwanamke. Nilipomjibu la mwisho akaonekana kutoamini.

Nilipokuwa namweleza ndipo nikajisikia nikisema: betri nzuri, waya nzuri, fyuzi nzuri, redio nzuri. Nzuri, nzuri, nzuri. Kwetu ukimkuta mtu ametoka kuzika, ukimuuliza habari, atakuambia nzuri. Ndiyo adabu. Habari yenyewe inakuja baadaye, nyuma ya neno "ila", na inakuja tu kama umekaa naye. Mimi vile vitu vyote nilikuwa nimevisalimia vikiwa vimepumzika, vikanijibu kwa adabu, nikapita. Sikuvipima vikiwa na mzigo.

Na sababu ya kutovipima ni ndogo. Kupima waya wakati redio inarusha kunahitaji mikono mingi: mmoja kushika maiki na kubonyeza, miwili kushika ncha za mita mahali pake zisiteleze, na macho ya kusoma namba papo hapo kabla redio haijazima. Mgodini tulikuwa wawili wawili zamu zote. Hapa nilikuwa na mikono yangu miwili tu, na sikuwahi kuwaza kumwita mtu.

"Mama," nikamwambia, "una nafasi kidogo?"

"Unga unaumuka. Ninayo."

Nikamshikisha ncha za mita kwenye waya nyuma ya redio. Nikamwambia asome kinachoonekana, asishtuke.

"Kumi na mbili nukta saba."

Nikabonyeza. "Jirani!"

"Naam," akaitikia.

"Si wewe. Soma mita."

"Samahani, umezoea kuita vibaya. Rudia."

Nikawasha, nikarudia. Akasoma kwa sauti ya mtu anayeona mbuzi akitumbukia kisimani: "Kumi na mbili... tisa... eh, gete kabisa, imelala."

Tukaenda sebuleni kwenye betri. Nikamwacha ameshika ncha pale, nikarudi chumbani, nikabonyeza nikapaza sauti. Kutoka sebuleni akajibu, "Kumi na mbili nukta nne. Imeshuka kidogo tu, imesimama hapo."

Betri ilikuwa inatoa. Redio ilikuwa haipati. Umeme ulipotea njiani.

Sasa lazima nieleze kwa nini kulikuwa na njia. Mwanzoni redio ilikuwa sebuleni, hatua moja kutoka kwenye betri. Mke wangu alipoondoka, watu walikuwa wakipita, wakiona mlango uko wazi na mimi nimekaa pale, wanaingia kusalimia. Kila anayeingia anauliza, "Mama yuko wapi? Anarudi lini?" Nilichoka kujibu. Nikahamishia redio chumbani, nikafunga mlango wa sebule. Betri na kontrola ya sola vimefungwa ukutani, havikuhamishika, basi nikaurefusha waya. Nilitumia waya mwembamba wa taa uliobaki wakati wa ujenzi, nikaupitisha juu ya dari na kushuka ukutani, nikausokota kwenye ule wa zamani kwa vidole na kuzungushia utepe wa gundi nyeusi. Nilijua si waya wake. Nilijiambia ni kwa muda.

Nikaufuata kwa kiganja ukutani. Nilipofika kwenye ile gundi nyeusi nikaondoa mkono. Palikuwa pa moto. Nilipoibandua, shaba ndani ilikuwa imegeuka nyeusi na kijani, nyuzi nyingine zimekatika. Waya mwembamba ulikuwa ukiniibia kidogo tangu mwanzo, na kiungo kilivyozidi kuoza kikachukua kilichobaki.

"Waya umeota ukoma," mama wa maandazi alisema.

"Nimeufunga mimi."

"Basi ufungue wewe. Mimi naenda kwenye unga wangu."

Kwenye duka la vifaa vya umeme niliomba waya mnene wa pampu, ule wanaonunua wachimbaji kwa kutolea maji mashimoni. Mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa hapahapa, akaniuliza kama uzeeni nimeamua kuingia duarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Nikamwambia nataka kipande kifupi tu. Akasema hakuna duara la kina kifupi hivyo.

Meza ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Niliivuta kutoka chumbani hadi sebuleni nikipumzika njiani, nikafungua mlango wa mbele kupata mwanga, nikafagia popo waliokauka na vumbi. Nikafunga waya mpya kwa skrubu, nikakaza mpaka mkono ukauma. Antena nayo nikaipitishia dirishani. Nilipomaliza ilikuwa imekaribia saa kumi na mbili. Nilikuwa nimechelewa muda wetu.

Nikawasha. Alikuwa anaita. Sauti ilikuwa imeanza kuyumba.

"Jirani," nikasema, "ni mimi. Nakusikia."

Taa ya redio haikutikisika.

"Eh," alisema. "Kigugumizi amepona."

Nikamweleza upesi: waya, kiungo, gundi. Alicheka kama fundi mwenzangu, akasema bandarini walikuwa wakimkata mtu mshahara kwa kiungo cha namna hiyo. Kisha akauliza, "Na wewe? Iko muzuri?"

Nilikuwa nimeshaanza kusema nzuri. Nikajizuia. "Hapana, Jirani. Mke wangu ameondoka miaka sasa. Niko peke yangu ndani ya nyumba. Nikiongea na wewe ndiyo nimeongea."

"Wewe uliniambia iko Mhunze anatembea."

"Nilikuambia hivyo."

"Na mimi siendi Lubumbashi kwa kupenda," alisema. "Nimeanguka bafuni mara mbili. Nilikuambia magoti."

Lilikuwa jambo la kwanza la kweli tulilopeana, na jua lilikuwa linagusa paa la nyumba ya mbele. Nikamwambia anipe namba ya simu. Alitaka kunitania kuhusu pambo la mezani, nikamkatiza, nikamwambia taja, masafa yanaondoka. Akataja. Nilikuwa nikiandika kwa chaki juu ya meza. Mwanzo ulikuja safi, katikati ikaja kwa kuyumba, akarudia, nikapata. Mwisho ukafunikwa na mngurumo. Nikamwomba arudie mwisho. Nikasikia "Jirani" na kitu kama "mbili", au "tisa", kisha masafa yakajaa watu wa mbali wanaoongea lugha nisiyoijua.

Nami namba yangu nilimtajia mara nyingi katika ule mngurumo. Sijui kama ilifika. Hajapiga.

Jumamosi jioni niliwasha redio. Palikuwa na hewa tupu, ule mvumo kama mchanga unamwagwa. Nilikaa mpaka giza.

Ninakosa tarakimu mbili za mwisho. Mtu aliyesoma hesabu kidato cha nne anajua kwamba hizo ni namba mia moja, na mia moja si nyingi kwa mtu asiye na kazi. Kila jioni, muda uleule wetu, napiga moja. Nyingi hazipatikani. Nyingine inaongea Kifaransa cha mashine. Wengine wanapokea.

"Samahani," nasema, "namtafuta mzee mmoja, alikuwa mtu wa redio Kalemie."

"Anaitwa nani?"

Hapo nakwama kidogo. Jina lake liko kwenye leseni na nimelisikia, lakini sikuwahi kulitumia, na nikilitamka linakuwa la mtu mwingine. Nalitaja. "Hayupo hapa, papa," wananiambia. Mwanamke mmoja aliniuliza kama ni ndugu yangu. Nikasema ni jirani. Akasema, "Sasa jirani yako unamtafuta kwa simu?"

Mlango wa sebule nauacha wazi, kwa sababu ukifungwa sebuleni hakuna mwanga wa kutosha kusomea namba za chaki. Watu wameanza tena kuingia. Wanauliza mama yuko wapi, nami nawaambia yuko Mhunze, sikumfuata. Wengine hawajui waangalie wapi.

Mama wa maandazi huniletea mawili ya mwisho yaliyoungua pembeni, anasema hayauziki. Jana alikaa akanitazama nikipiga. Hakuna aliyepokea.

"Baba, niulize?"

"Uliza."

"Hizi namba za Kongo unazibahatisha. Ya mama wa Mhunze unayo nzima?"

"Ninayo."

Akachukua sahani yake, akaenda kutazama jiko.

Alichotaka kuniambia nimekielewa. Ya Mhunze nikiipiga itapokewa na mtu ninayemjua, naye atataka kujua nilikuwa wapi. Kule Kongo nikikosea namba naomba radhi, wananisamehe, tunaagana.